Akili mnemba katika mafunzo ya uanahoteli: Mashine ifunze nini, na mkono ujifunze nini?

WADI ya Theta, katika eneobunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, imo katika ukanda ambao kwa miongo mingi ulijulikana kwa mashamba ya kahawa na machimbo ya mawe. Tangu Barabara Kuu ya Thika izinduliwe rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, ukanda huo kati ya Thika na Ruiru umejaa nyumba za kupangisha, vyuo na maduka makubwa, na pamoja na hayo mikahawa, hoteli na nyumba za wageni. Kila biashara ya aina hiyo huhitaji mpishi, mhudumu wa mezani, mtandikaji vitanda na karani wa mapokezi.

Kijana anayeingia chuo cha ufundi leo ili ajifunze kazi hizo huenda tayari ana simu yenye programu ya akili mnemba mfukoni, hata pale chuo chenyewe kina jiko moja la gesi kwa darasa zima. Hali hiyo inazua swali zito kwa wakufunzi, wazazi na waajiri: je, simu hiyo inaweza kuziba pengo la mgeni asiyekuwapo, la mkufunzi asiyetosha na la jiko lisilonunuliwa?

Jibu fupi ni kwamba inaweza kuziba pengo la mgeni, na kwa sehemu pengo la mkufunzi; la jiko haiwezi kamwe. Makala haya yanaeleza sababu, na yanaonyesha jinsi chombo hicho kinavyoweza kutumiwa bila kumdanganya mwanagenzi kwamba amehitimu ilhali mkono wake bado haujui kazi.

Akili mnemba ni nini

Akili mnemba, ambayo baadhi ya wataalamu wa Kiswahili huiita akili unde au akili bandia, ni jina la jumla la programu za kompyuta zinazotekeleza kazi ambazo kwa kawaida huhitaji fikra za binadamu, kama vile kutambua picha, kutafsiri lugha na kujibu maswali. Aina iliyovuma zaidi ni ile ya kuzungumza kwa maandishi au kwa sauti. Programu ya ChatGPT, iliyoundwa na kampuni ya OpenAI ya Marekani, ilifunguliwa kwa umma mnamo Novemba 30, 2022. Baadaye zilifuata nyingine, zikiwamo Gemini ya Google na Copilot ya Microsoft.

Ni muhimu mwanagenzi aelewe jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Zimefunzwa kwa kupitishiwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo zimejifunza ni neno gani aghalabu hufuata lipi. Zinapojibu, hutunga sentensi neno baada ya neno kwa kufuata uwezekano huo. Ndiyo maana jibu lake huwa na ufasaha hata linapokuwa si la kweli. Programu iliyosoma maelfu ya maelezo kuhusu chumvi haijawahi kuionja.

Mizizi ya mafunzo haya nchini

Kazi ya hoteli ina historia ndefu katika eneo hili. Hoteli ya Blue Post mjini Thika, iliyo karibu na maporomoko ya mito Chania na Thika, ilianzishwa mwaka 1908. Kwa muda mrefu wafanyakazi wa hoteli nchini walijifunza kazi kwa kumtazama aliyetangulia: kijana aliosha vyombo, akapandishwa kumenya viazi, hatimaye akakabidhiwa sufuria.

Mafunzo rasmi yalipata nguvu baada ya uhuru. Mnamo 1972 serikali ilianzisha ada iliyotozwa hoteli na mikahawa, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kwenye mafunzo. Chuo cha Utalii, maarufu kama Kenya Utalii College, kilianzishwa mwaka 1975 kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Chuo hicho kiko kando ya barabara hiyo hiyo ya Thika, upande wa Nairobi. Sifa yake kubwa ni kuwa na hoteli yake, ambamo wanafunzi huhudumia wageni halisi wanaolipa. Sheria ya Utalii ya 2011 ilibadilisha mfumo wa ada hiyo na kuunda Hazina ya Utalii, ambayo huikusanya kwa kiwango cha asilimia 2.

Mkondo wa pili wa mafunzo ulitoka mashinani. Mwaka 1966 makanisa nchini yalitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi wangefanya nini baadaye. Kutokana na mjadala huo, vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Katiba ya 2010 ilivikabidhi kwa serikali za kaunti. Kwa hiyo, chuo cha aina hiyo kilicho katika wadi kama Theta hutegemea bajeti ya Kaunti ya Kiambu, si ya Wizara ya Elimu peke yake.

Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013 ililetea sekta hii mamlaka moja ya usimamizi, TVETA, na baraza la mitaala na utahini, CDACC. Mfumo unaofuatwa sasa ni ule wa umahiri: mwanagenzi hapewi alama kwa kukumbuka maelezo tu, bali hutazamwa akifanya kazi, kisha hutajwa kuwa ana umahiri au bado hajaupata. Sambamba na mfumo huo, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, huendesha mitihani ya ufundi ya gredi tatu, ambayo vijana wengi wa vyuo vya kaunti huifanya.

Soko lenyewe limepanuka. Wageni wa kimataifa waliozuru Kenya mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 2.4, wakipita idadi ya 2019, mwaka wa mwisho kabla ya janga la Covid-19. Marekani, Uganda na Tanzania zilikuwa juu ya orodha ya nchi walikotoka.

Mgeni wa mazoezi

Tofauti kubwa kati ya chuo chenye hoteli yake na chuo cha wadi ni mgeni. Katika chuo cha pili, mgeni huigizwa na mwanafunzi mwenza, ambaye hucheka, husahau analolalamikia, na kwa kawaida huzungumza kama mwenzake. Mwanagenzi anaweza kumaliza kozi bila kukabiliana na mtu mzima aliyekasirika kwa sababu chumba alicholipia hakijatandikwa.

Hapa ndipo akili mnemba ina manufaa ya wazi. Inaweza kujifanya mgeni kwa saa nyingi bila kuchoka, na inaweza kubadilishwa tabia kwa sentensi moja. Mkufunzi anaweza kuiandikia maagizo kama haya:

“Jifanye mgeni aliyefika hotelini saa nne usiku kutoka Kampala. Ulilipia chumba cha watu wawili, lakini umepewa cha mtu mmoja. Umechoka na una mtoto mdogo. Mimi ni karani wa mapokezi. Zungumza sentensi moja au mbili kila mara, usikubali kuridhika upesi, na usinisaidie kujibu. Tukimaliza, nieleze ni wapi nilikuudhi na ni wapi nilikutuliza.”

Maneno “usikubali kuridhika upesi” yana uzito. Programu hizi zimeundwa kupendeza, na zisipoelekezwa humsamehe mwanagenzi kwa kosa ambalo mgeni halisi asingelisamehe. Vilevile ni vyema maagizo yaseme mgeni anajua nini na hajui nini, ili mazungumzo yasitanue hadi mambo ya kubuni.

Faida nyingine ni lugha. Mwanagenzi anaweza kujizoeza kupokea oda kwa Kiingereza, kisha kwa Kifaransa au Kijerumani cha kiwango cha chini, akasikia matamshi na kurudia. Kiswahili nacho kisipuuzwe. Mgeni kutoka Arusha au Dar es Salaam hutarajia salamu kamili na maneno ya heshima: shikamoo kwa mzee, “karibu sana” kabla ya menyu, na “naomba” badala ya “nataka”. Kijana aliyezoea Sheng’ na Kikuyu anaweza kuiagiza programu imsahihishe kila anapokosea upatanisho wa sarufi au anapotumia neno la mtaani mbele ya mgeni.

Hata hivyo, zoezi hilo ni nusu tu ya somo. Mashine haioni kama karani amesimama wima, kama ameangalia pembeni, au kama mikono yake iko mfukoni. Baada ya kuzungumza na simu, mwanagenzi hana budi kurudia tukio lile lile mbele ya mkufunzi na darasa.

Hesabu za jikoni na za mezani

Eneo la pili lenye manufaa ni hesabu. Wapishi wengi wazuri hupata hasara kwa kutojua gharama ya sahani wanayouza.

Chukua mfano wa viazi. Gunia dogo la kilo 10 likinunuliwa kwa Sh600, kilo moja ni Sh60. Lakini iwapo maganda na sehemu mbovu ni kilo 2, zinazobaki ni kilo 8, na bei halisi ya kilo inayoingia kwenye sufuria ni Sh75. Mwanagenzi anayekadiria sahani kwa Sh60 tayari amepoteza robo ya bei hiyo bila kujua.

Au chukua pilau. Iwapo viungo vya sahani moja ni Sh140 na sahani huuzwa kwa Sh400 kabla ya ushuru, gharama ya chakula ni asilimia 35 ya bei. Sh260 zinazobaki si faida. Humo hutoka gesi, mishahara, kodi ya nyumba na maji. Akili mnemba inaweza kumtungia mwanagenzi mifano 20 ya aina hii kwa bei za soko la Ruiru alizozileta yeye mwenyewe, na kumweleza hatua kwa hatua alipokosea.

Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuzidisha mapishi. Mapishi ya watu 10 yenye kilo moja ya mchele yakigeuzwa kuwa ya watu 120, mchele utakuwa kilo 12. Maji, chumvi, pilipili na muda wa kupika havifuati kanuni hiyo kwa unyoofu. Sufuria kubwa lenye kina hupoteza mvuke kidogo kwa kila kilo kuliko dogo, na pilau iliyowekewa maji mara 12 huweza kuwa bokoboko. Programu isipoonywa, mara nyingi huzidisha kila kitu kwa 12. Mpishi aliyewahi kupikia arusi hujua hilo kwa mkono wake.

Mtego wa pili ni risiti. Mkahawa uliosajiliwa kutoza VAT huongeza asilimia 16, pamoja na asilimia 2 ya ada ya utalii, na zote mbili hukokotolewa juu ya bei ya awali. Chakula cha Sh5,000 kitakuwa na VAT ya Sh800 na ada ya Sh100, jumla Sh5,900. Anayekokotoa ile asilimia 2 juu ya Sh5,800 atapata Sh5,916, na atakuwa amemtoza mgeni Sh16 zisizofaa. Vivyo hivyo, bei ya menyu ya Sh1,180 ambayo imejumlisha vyote hugawanywa kwa 1.18 ili kupata Sh1,000. Haipunguzwi asilimia 18. Programu isiyoelezwa utaratibu wa Kenya huweza kukosea hapa, na ikakosea kwa sauti ya uhakika. Mwanagenzi afanye hesabu kwa kalamu kwanza, ndipo aitumie mashine kuhakiki.

Mukimo ulio katika sufuria hii

Kikomo cha akili mnemba huonekana wazi zaidi pale afya ya mgeni inapohusika. Tuseme mgeni asiyeweza kutumia maziwa anauliza kama mukimo una maziwa ndani yake. Mhudumu akiiuliza programu, itamjibu kwamba mukimo hupikwa kwa viazi, mahindi na majani ya malenge, jibu ambalo kwa jumla ni sahihi. Lakini mpishi wa siku hiyo huenda alitia siagi ili upondeke vyema, au maziwa ili uwe laini. Mashine inajua mukimo kwa jumla; haijui mukimo ulio katika sufuria hii.

Kanuni inayopaswa kufundishwa tangu siku ya kwanza ni kwamba swali la mzio hujibiwa na aliyepika, si na simu. Njugu, simsim, mayai, samaki, ngano na maziwa ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kumletea mtu mwenye mzio madhara makubwa kwa muda mfupi, na kosa la mhudumu halirekebishwi kwa kuomba radhi.

Hali ni hiyo hiyo kwa usalama wa chakula. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa funguo tano za usalama wa chakula uliotolewa mwaka 2006, hushauri chakula kipikwe hadi kifikie nyuzijoto 70 za Selsiasi katikati, kilicho moto kiwekwe juu ya nyuzi 60, kinachohifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Mwanagenzi anaweza kukariri nambari hizo kwa msaada wa simu. Lakini kujua kama kuku wa bafe ameiva karibu na mfupa huhitaji kipimajoto na jicho, na jambo hilo hufundishwa mbele ya kuku.

Katika utalii kwa jumla, hatari ni habari zilizopitwa na wakati. Tangu Januari 2024, Kenya ilibadilisha mfumo wa viza kwa wageni na kuanzisha idhini ya kusafiri inayoombwa kwa njia ya mtandao. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya zamani inaweza kumwambia mgeni aombe viza. Masharti kama hayo, ada za mbuga na saa za kufunguliwa yathibitishwe kwa taasisi husika.

Mkasa mmoja wa Canada unaonyesha nani hubeba lawama. Mnamo Februari 2024 baraza la kuamua mizozo katika jimbo la British Columbia liliamuru shirika la ndege la Air Canada limfidie abiria ambaye alipewa maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba na programu ya mazungumzo iliyo kwenye tovuti ya shirika hilo. Shirika lilijitetea kwamba programu hiyo iliwajibikia maneno yake yenyewe. Utetezi huo ulikataliwa. Funzo kwa hoteli ndogo ya Juja ni lile lile: likisemwa kwa jina la hoteli, limesemwa na hoteli.

Roboti zilizopunguzwa kazi

Wapo wanaohofia kwamba vijana wanafunzwa kazi ambazo mashine zitazichukua. Hofu hiyo ina msingi katika kazi za makaratasi, kama kupokea nafasi za vyumba na kujibu barua pepe, ambazo zinazidi kufanywa na programu. Lakini historia fupi ya hoteli ya Henn na nchini Japan inapaswa kutuliza nyoyo.

Hoteli hiyo ilifunguliwa Julai 2015 mjini Sasebo, mkoa wa Nagasaki, ikitangazwa kuwa ya kwanza kuhudumiwa na roboti. Kufikia Januari 2019 iliripotiwa kuwa imeondoa zaidi ya nusu ya roboti zake 243, kwa kuwa nyingi zilikuwa zinawaongezea wafanyakazi kazi badala ya kuwapunguzia. Kiroboti kimoja cha chumbani kilisikia mikoromo ya wageni na kudhani kinaulizwa swali, kikawa kinawaamsha usiku kuwataka warudie walichosema.

Kinachodhihirika ni kwamba kazi ya hoteli imefungamana na mambo madogo yasiyotabirika: shuka lenye doa, mtoto aliyemwaga chai, mzee anayehitaji kushikwa mkono kwenye ngazi. Mwanagenzi aliyefunzwa mambo hayo kwa vitendo ana soko. Aliyefunzwa kunakili majibu ya simu ndiye anayeshindana na simu.

Mtihani na faili la ushahidi

Katika mfumo wa umahiri, mwanagenzi huweka faili la ushahidi lenye maelezo, picha na kumbukumbu za kazi alizofanya. Ni rahisi sasa kwa kijana kuiagiza programu imwandikie ripoti nzuri ya mafunzo ya kazini kuhusu hoteli ambayo hakuwahi kuingia jikoni mwake. Ripoti hiyo haitakuwa na makosa ya tahajia, na pengine itampendeza mkufunzi mwenye wanafunzi wengi na muda mchache.

Anayepata hasara kubwa katika udanganyifu huo ni mwanafunzi mwenyewe. Mwajiri wa Ruiru hatasoma ripoti. Atampa kisu na kilo tano za vitunguu. Dawa si kupiga marufuku simu, maana marufuku hiyo ni vigumu kuitekeleza. Dawa ni kurejesha uzito wa utahini mahali unapostahili kuwa: kila ukurasa wa faili ufuatwe na agizo la “nionyeshe”. Aliyeandika kuhusu kutandika kitanda atandike kimoja, na aliyeandika kuhusu mchuzi mweupe aupike huku akieleza kwa mdomo kwa nini unga haukufanya madonge.

Wakufunzi nao hawajaachwa nje ya kanuni. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, katika kifungu cha 35, humpa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari kubwa kwake kwa kutegemea mashine peke yake. Kwa hiyo, programu inaweza kumsaidia mkufunzi kutunga maswali au kupanga somo, lakini uamuzi kwamba mwanagenzi amefaulu au hajafaulu lazima utolewe na binadamu anayeweza kuueleza.

Siri za wageni na picha za wanagenzi

Sheria hiyo hiyo inagusa jambo lingine ambalo vijana hulichukulia kwa wepesi. Mwanagenzi aliye kwenye mafunzo ya kazini huona majina ya wageni, nambari za pasipoti, nambari za simu na vyumba walimolala. Akinakili orodha hiyo na kuibandika kwenye programu ili impangie kazi, atakuwa ametoa siri za watu kwa kampuni iliyo ng’ambo.

Adhabu si ya vitabuni tu. Mnamo Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data ilitoza ukumbi mmoja wa burudani jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Wakati huo huo, shule moja ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Chuo kinachotaka kupakia video za wanafunzi wakipika hakina budi kuomba idhini kwanza, na mazoezi ya programu yatumie majina ya kubuni daima.

Kwa wanaojifunza kuongoza watalii

Mashariki mwa Thika kuna maporomoko ya Fourteen Falls ya Mto Athi na Mbuga ya Kitaifa ya Ol Donyo Sabuk, sehemu zinazofaa kwa mafunzo ya uongozaji bila nauli kubwa. Programu ya Merlin ya maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, husaidia kutambua ndege kwa picha na kwa sauti. Katika nchi yenye zaidi ya aina 1,000 za ndege, msaada huo si haba.

Lakini mitihani ya chama cha waongoza watalii, KPSGA, ambacho kilianzishwa mwaka 1996 na hutoa viwango vya shaba, fedha na dhahabu, hupima anachojua mtu mwenyewe. Njia inayofaa ni mwanagenzi ataje jina la ndege kwanza, aandike sababu zake, ndipo aifungue programu. Akianza na programu, hujifunza kuishika simu; akianza na jicho, hujifunza ndege.

Chuo kianzie wapi

Mkakati wa Kitaifa wa Akili Mnemba wa 2025 hadi 2030, uliozinduliwa Machi 2025, unataja ujuzi wa wananchi kuwa mojawapo ya mambo ya kuendelezwa. Shirika la Unesco nalo, katika mwongozo wake wa Septemba 2023 kuhusu elimu, lilipendekeza programu hizi zisitumiwe darasani na walio chini ya umri wa miaka 13, na walimu wafunzwe kabla ya kuzitumia. Chuo cha kaunti kisicho na fedha hakihitaji kusubiri maabara ya kompyuta, ila kinahitaji utaratibu.

Kwanza, simu moja ya mkufunzi na kipaza sauti kidogo vinatosha darasa zima. Mgeni wa mazoezi azungumze kwa sauti, mwanagenzi mmoja ajibu, wengine wasikilize na kukosoa. Kwa njia hiyo asiye na simu au bando habaki nyuma.

Pili, zoezi lisizidi nusu saa, na lifuatwe na kazi ya vitendo inayohusiana nalo. Waliojizoeza kupokea oda waende wakaandae meza.

Tatu, darasa liwe na daftari la makosa ya mashine. Kila inapogunduliwa kwamba programu imekosea kuhusu bei, ushuru, chakula cha kienyeji au kanuni za serikali, kosa liandikwe pamoja na jibu sahihi na mahali lilikothibitishwa. Baada ya muhula mmoja daftari hilo litakuwa kitabu cha rejea, na wanagenzi watakuwa wamejifunza kutilia shaka ufasaha usio na ushahidi.

Nne, na hili ndilo la msingi, fedha za gesi, unga, mafuta na kuku zisikatwe kwa kisingizio kwamba chuo sasa kina teknolojia. Bajeti inayonunua tableti 30 na kuacha jiko moja itazalisha vijana wanaoweza kueleza chapati kwa lugha nne, wasioweza kuisukuma ikawa duara.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa kazi hii ni kijana aliyetumia karo ya wazazi wake akitumaini kupata riziki kandokando ya barabara ile ile inayopita mbele ya chuo chake. Akili mnemba inaweza kumletea mgeni wa kujizoeza naye usiku na mchana. Kinachobaki ni wenye chuo kumpa jiko, mkufunzi na nafasi ya kuunguza vitunguu mara ya kwanza kabla ya kuajiriwa.